Fikra za Kikompyuta Shule ya Msingi: Kiini Chake ni Kusaka Kosa

Katika shule moja ya msingi upande wa Ilemela, mkoani Mwanza, mahali ambapo ukisimama kwenye korido unaliona ziwa mpaka visiwani, nilionyeshwa chumba cha kompyuta. Zilikuwa kompyuta 12, zote zimefunikwa vitenge zisiingie vumbi, na wanafunzi wa darasa la tano waliweza kuzitaja sehemu zake bila kukwama: kiwambo, kibodi, kipanya, na hata printa ambayo haikuwamo chumbani. Nilipouliza ni kazi gani wamewahi kuifanya kwa mashine hizo, walimgeukia mwalimu wao, naye akatabasamu akasema kwamba umeme ukiwapo mwenye ufunguo hayupo, na mwenye ufunguo akiwapo umeme hakuna.

Naanza na chumba hicho kwa sababu kimebeba mkanganyiko mzima unaoizunguka mada hii. Tunasikia kwamba watoto wa siku hizi wafundishwe fikra za kikompyuta, tukadhani ni somo la kifaa. Kifaa kikikosekana tunaona somo limekosekana, na kifaa kikipatikana tunafundisha sehemu zake kama tunavyofundisha sehemu za ua. Kumbe kinachozungumziwa ni namna ya kufikiri, na namna hiyo inaweza kufundishwa chini ya mwembe kwa chaki na kamba, kama ambavyo inaweza kukosekana kabisa katika chumba chenye kompyuta mpya 40.

Fikra za kikompyuta (wanaopenda neno tarakilishi watasema vingine, na sina ugomvi nao) ni kulipanga tatizo pamoja na ufumbuzi wake kiasi kwamba mtekelezaji asiyejua chochote zaidi ya alichoambiwa, awe mtu au mashine, aweze kuufuata ufumbuzi huo hadi mwisho. Jina lenyewe lilivuma mwaka 2006, baada ya mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Jeannette Wing, kuandika makala fupi akitaka stadi hii iongezwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu kwa kila mtoto. Kwa Mtanzania aliyezizoea KKK za darasa la kwanza na la pili, dai hilo halina ugeni wowote. Wazo hata hivyo lina umri mkubwa zaidi. Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, na aliyewahi kufanya kazi Geneva pamoja na mwanasaikolojia Jean Piaget akichunguza jinsi watoto wanavyofikiri, alishirikiana na wenzake, akiwamo Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, kutengeneza lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967. Ndani yake mtoto anamwamuru kobe wa kwenye kiwambo: mbele 50, kulia 90, na kobe anaacha mstari anapopita. Papert alitaka mtoto aifundishe mashine, badala ya mashine kumfundisha mtoto, na tofauti hiyo ndiyo iliyopotea katika chumba chetu chenye vitenge.

Vitabu vingi vya walimu huigawa stadi hii katika sehemu nne: kulivunja tatizo vipande, kuona kinachojirudia, kuacha yasiyohusika ili libaki la msingi, na kuandika hatua kwa mpangilio. Mgawanyo huo si mbaya, ila una hatari yake hapa kwetu, ambako jambo lolote linaloweza kuhesabiwa hugeuka kuwa swali la mtihani: taja sehemu nne za fikra za kikompyuta. Mtoto anaweza kuzitaja zote na bado asiweze kumwelekeza mgeni kutoka getini hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Tena nadhani mgawanyo huo umeliacha nje, au umelitaja mwishoni kwa haraka, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini: kusaka kosa katika maelekezo uliyoyaandika mwenyewe.

Mwalimu mmoja wa darasa la nne, ambaye hajawahi kufundishia kompyuta, aliniruhusu nikae kwenye kipindi chake. Alisimama kwenye mlingoti wa bendera akawatangazia watoto kwamba kwa dakika 40 zijazo yeye ni mashine. Hajui tangi la maji liko wapi, na atafanya neno kwa neno kile kilichoandikwa kwenye karatasi, bila kupunguza wala kuongeza. Kundi la kwanza liliandika: Mwalimu, nenda mbele. Akaenda, akaenda, mpaka akaufikia uzio wa michongoma, akaendelea kutembea papo hapo huku kifua kikigusa majani na darasa zima likipiga kelele "simama, simama!" Akageuza shingo tu na kuuliza kama neno simama limo kwenye karatasi. Halikuwamo.

Kundi la pili lilikuwa limejifunza. Liliandika: nenda mbele hatua 20, geuka kulia, nenda mbele hatua 12, simama. Mwalimu alifuata, akapitiliza tangi na kusimama katikati ya bustani ya mchicha. Wavulana wawili wakasema mwalimu amehesabu vibaya. Hapo msichana aliyekuwa mwandishi wa kundi akaikunja karatasi, akasema, "Hajakosea kuhesabu. Sisi tulipima kwa miguu ya Neema." Ukafuata ubishi ambao ningependa kila mkufunzi wa walimu ausikie. Mmoja alitaka hatua 20 zipunguzwe ziwe 14. Mwingine akauliza, je, akija mwalimu mfupi? Wa tatu akapendekeza waandike kabisa kwamba maelekezo haya ni ya mtu mwenye miguu ya Neema. Mwishowe wakaenda kuomba kamba stoo, wakaifunga mafundo kila mita moja, wakapima upya na kuandika mita badala ya hatua. Hakuna aliyewaambia kwamba kutafuta kipimo kisichomtegemea anayetembea ndiko kunakoitwa kuacha yasiyohusika, na sioni kama kulikuwa na haja ya kuwaambia siku hiyo.

Dhana nyingine inayowasumbua wanaoanza ni kitanzi, yaani kazi inayorudiwa mpaka sharti fulani litimie. Watoto wa mialoni, yaani ufukweni samaki wanakoshushwa, kwa mfano Igombe, wanaijua dhana hii kwa mikono kabla hawajajua kusoma. Waambie waandike hatua za kuanika dagaa, nao watakuletea: tandaza, geuza, anua. Maelekezo hayo yanaonekana kamili mpaka umuulize aliyeandika ageuze mara ngapi. Atakujibu, "Mpaka wakauke," na hapo kitanzi kimezaliwa. Lakini mashine haijui kukauka ni nini. Itajuaje kwamba wakati umefika? Hili ndilo swali lenye thamani, kwa kuwa linamlazimisha mtoto atoe kichwani ujuzi ambao hajawahi kuutamka. Mmoja aliniambia kwamba ukiwateka dagaa kiganjani na kuwatikisa wanachakarika, na ukimkunja mmoja anakatika, hapindi. Sharti sasa linapimika. Kisha linakuja wingu kutoka ziwani, na mtoto anagundua kwamba kila mzunguko wa kugeuza unahitaji swali la pembeni: kama mvua inakuja, basi anua mara moja hata kama hawajakauka. Mama yake anafanya hivyo kila siku kwa jicho moja angani. Kinachofanyika darasani ni kuliandika jicho hilo.

Bao nalo linatufaa. Wasukuma wana lao liitwalo isolo, na katika bao tulilolizoea mchezaji husambaza kete shimo kwa shimo. Kwa kawaida kete ya mwisho ikiangukia penye kete safari haijaisha, na ikiangukia shimo tupu anasemwa amelala. Nimewasikia watoto waliofundishwa kitanzi kwa mfano huu wakiulizana juu ya maelekezo ya wenzao, "Sasa hii inalala wapi?" Swali hilo lina uzito kamili wa kitaalamu, kwa sababu programu isiyolala ni programu iliyokwama, na neno limetoka barazani, halikuhitaji kuundwa na kamati.

Mfano wa tatu unahusu utafutaji, nao unafaa sana kwa madarasa yetu yaliyojaa. Mwalimu anafikiria namba kati ya 1 na 120, na darasa linauliza maswali ya ndiyo au hapana tu. Mwanzoni watoto hubahatisha: ni saba, ni thelathini na tatu? Baadaye mmoja huuliza kama imezidi 60, na sura za wenzake zinabadilika, maana swali moja limeondoa nusu ya namba zote. Kuanzia 120 unabaki na 60, kisha 30, kisha 15, kisha zisizozidi 8, 4, 2, mpaka 1. Maswali saba yanatosha daima. Walimu wengi huishia hapo, na hapo ndipo ninapowaomba wasiishie. Chukua rejista ya darasa iliyopangwa kwa alfabeti, kisha chukua rundo la madaftari lisilopangwa, na uwaombe watoto wautumie ujanja uleule kutafuta jina kwenye vyote viwili. Kwenye rejista utafanya kazi. Kwenye rundo utagoma, kwa sababu ukifungua daftari la katikati hujui kama unalolitafuta liko juu yake au chini yake. Ujanja wa kugawa nusu unategemea mpangilio, na mpangilio una gharama yake, kwa kuwa lazima mtu akae ayapange madaftari 120. Kama unatafuta daftari moja tu, pengine ni nafuu kupekua rundo. Kama utatafuta kila siku, panga. Mtoto aliyeliona hilo ameelewa jambo ambalo wahandisi wa programu hulipima kila siku.

Sasa lipo swali ambalo wapenzi wa mada hii hawapendi kuulizwa: je, mtoto akijifunza haya, atafikiri vizuri zaidi katika mambo mengine? Ahadi zimekuwa kubwa, lakini ushahidi unataka uangalifu. Katikati ya miaka ya 1980, Roy Pea na Midian Kurland, watafiti wa Bank Street College jijini New York, waliwafuatilia watoto waliotumia Logo kwa mwaka wa masomo, kisha wakawapa kazi ya kupanga isiyohusu kompyuta: kuna darasa la kusafisha, kuna meza za kufuta, maua ya kumwagilia, viti vya kusogeza, panga mzunguko utakaomaliza kazi zote kwa njia fupi. Watoto wa Logo hawakuwazidi wenzao ambao hawakuwahi kuandika programu. Kukaa na kobe kwa mwaka mzima, peke yake, hakukuwapa ujuzi wa kupanga ambao wengi waliutarajia.

Wengine wangefunga jalada hapo. Lakini mwaka 1988 David Klahr na Sharon Carver wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, walichapisha matokeo ya kazi ya aina nyingine. Wao hawakusubiri watoto wa miaka 8 hadi 11 wagundue wenyewe namna ya kusaka kosa. Waliwafundisha waziwazi, hatua kwa hatua. Kwanza linganisha ulichotaka na ulichopata, useme tofauti ni nini hasa. Pili, kisia kosa la namna gani linaweza kuleta tofauti ya namna hiyo. Tatu, tafuta sehemu ya programu ambako kosa kama hilo lingekaa. Nne, rekebisha, kisha jaribu tena. Baadaye watoto hao walipewa maelekezo ya kawaida yenye kosa, yasiyo na uhusiano na kompyuta, kama vile ya kufuata njia kwenye ramani, nao wakayarekebisha vizuri zaidi kuliko walivyofanya kabla ya mafunzo. Kwa hiyo stadi ilihama, ila ilihama ile iliyotamkwa na kufundishwa kwa jina lake. Mimi naisoma tofauti ya tafiti hizi mbili hivi: kucheza na kifaa hakutoshi, na kucheza bila kifaa nako hakutoshi, kama hakuna anayemwambia mtoto hatua za kurudi nyuma pale mambo yanapokataa.

Namna gani hilo linaonekana hapa kwetu? Tuchukue mfano wa kobe wa Papert bila kompyuta, kwenye mchanga wa ufukweni au kwenye uwanja wa shule. Mtoto mmoja anakuwa kobe akiburuta kijiti, mwingine anasoma amri. Mraba ni rahisi: rudia mara 4, mbele hatua 5, kulia nyuzi 90. Kobe anarudi alipoanzia, na kila mtu anafurahi. Kisha mwalimu anaomba pembetatu yenye pande sawa. Darasa la sita limeshafundishwa kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, kwa hiyo wanaandika kwa uhakika kabisa: rudia mara 3, mbele hatua 5, kulia nyuzi 60. Kobe anatembea, na mchangani unabaki mchoro uliofunguka kama bakuli, nusu ya umbo la pande sita.

Hapa mwalimu anaweza kutoa jibu, kwamba ni 120, na kipindi kikafa. Au anaweza kurudi kwenye hatua nne. Mlitaka nini, mmepata nini? Mlitaka umbo lifunge, halikufunga. Kosa la namna gani huacha umbo wazi? Labda pande hazitoshi, labda kobe hageuki vya kutosha. Liko wapi? Wanamrudisha kobe kwenye kona ya kwanza, naye mwenyewe, kwa mwili wake, anaonyesha kwamba akimaliza upande mmoja anakuwa anatazama mbele, nje ya umbo. Ili ashike upande wa pili anapaswa kugeuka sana, kuipita ile pembe ya ndani, mpaka karibu atazame alikotoka. Anageuka nyuzi 180 toa 60. Ndipo mmoja wao huuliza kwa nini mraba ulikubali, na jibu lake ni tamu: katika mraba pembe ya ndani na mgeuko wa nje ni sawa, 90 kwa 90, kwa hiyo kosa la kufikiri lilikuwapo tangu mwanzo ila mraba ulilificha. Sijui somo lingine la msingi linaloweza kumwonyesha mtoto kwa uwazi kiasi hicho kwamba jibu sahihi linaweza kutoka kwenye wazo potofu.

Kikwazo kikubwa cha kazi hii katika shule zetu kinahusu zaidi maana ya kosa kuliko umeme. Mtoto amezoea kwamba kosa ni alama nyekundu daftarini, ni kicheko cha wenzake, na wakati mwingine ni fimbo. Amezoea pia kwamba mtu mzima haambiwi amekosea. Ukimwambia ghafla asake kosa, atalificha la kwake na kulinyamazia la mwalimu. Ndiyo maana ule mchezo wa mwalimu kujifanya mashine una akili kuliko unavyoonekana. Mashine haina heshima ya kuvunjiwa, hivyo mtoto anaruhusiwa kusema imefika pabaya. Na kwa kuwa mashine imefuata karatasi, lawama inahamia kwenye karatasi, haimwangukii mtu. Nimeona mwalimu akisahihisha lugha ya darasa kwa upole: mtoto akisema "umekosea," yeye hujibu, "Mimi nimefuata. Maelekezo yamekosea wapi?" Baada ya wiki chache watoto walikuwa wakisema hivyo wenyewe kwa wenyewe, hata kwenye hesabu za kawaida.

Lugha nayo inatusaidia, maana shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Mtoto wa Ukerewe anayezungumza Kikerewe nyumbani, au wa Magu anayezungumza Kisukuma, tayari ana kazi ya kutosha. Asibebeshwe msamiati wa Kiingereza juu yake ili tu somo lionekane la kisasa. Rudia, mpaka, kama, basi, simama: maneno matano hayo yanabeba sehemu kubwa ya programu za mwanzo. Na siku vitenge vitakapoondolewa, Scratch, programu ya watoto iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2007 na inayopangwa kwa vipande vya rangi badala ya kuandikwa, inapatikana kwa Kiswahili na inaweza kuwekwa kwenye mashine isiyo na intaneti. Watoto wawili au watatu kwa kompyuta moja si hasara, kwa sababu mmoja akishika kipanya mwingine hulazimika kusema anachofikiri. Faida ya mashine ni kwamba haichoki kufuata maelekezo mabovu, tofauti na mwalimu aliyekwisha kwaruzwa na michongoma.

Muda wa kufanya haya utatoka wapi? Mtaala ulioboreshwa ulioanza kutekelezwa Januari 2024 unasisitiza umahiri na matumizi ya TEHAMA, lakini mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 hahitaji kuongezewa somo. Uzoefu wangu ni kwamba kipindi kimoja kwa wiki kinachokatwa kutoka Hisabati au Kiswahili kinatosha, mradi watoto wagawanywe makundi ya sita: mmoja mashine, mmoja mwandishi, wanne wasaka kosa, na nafasi zizunguke. Maelekezo ya kupika uji ni insha ya Kiswahili. Kobe wa mchangani ni jometri. Kundi kubwa kuliko hapo huzaa watazamaji.

Upimaji ndio unaohitaji kubadilika. Badala ya "taja sehemu nne," mtoto apewe maelekezo mafupi yaliyokwisha andikwa, yenye kosa moja, kwa mfano ya kumtoa mgeni kwenye kivuko cha Kamanga hadi Soko la Kirumba, pamoja na mchoro unaoonyesha alikofika badala ya huko. Maswali yawe matatu: mgeni alitakiwa kufika wapi na amefika wapi, kosa liko hatua ya ngapi, iandike upya hatua hiyo. Mwalimu mmoja niliyemwonyesha swali la namna hii aliuliza atampa nini mtoto aliyelipata kosa lakini akaandika marekebisho mabaya. Tulikubaliana alama mbili kati ya tatu, kisha arudishiwe karatasi ajaribu tena.